Eda ya Barafuni

Wanawake wa Langoni, mtaa wetu hapa Amu, wakija kunipa pole hukaa mkekani, hunywa kahawa, humwombea marehemu, kisha mmoja wao huinua macho kwenye kidirisha cha juu kinachotazama ukuta wa jirani na kusema, "Maskini Bi Mwanaidi. Eda ni ndefu." Mimi huitikia, "Ndefu, mwanangu," kwa kuwa ndivyo mjane anavyotakiwa kuitikia. Ni kweli sitoki. Sijitii udi wala wanja, asumini ya uani inachanua na kuanguka bila mtu wa kuitunga, na nguo zangu ni mbili tu zisizo na pambo, moja mwilini na moja kambani. Mume wangu Lali amekufa, na tangu siku waliyomtoa nyumba hii sijavuka kizingiti. Lakini hao wanaonihurumia wengi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka ule ninaoukumbuka kila wakiniacha peke yangu. Hawajui kwamba Lali amenikalisha eda mara mbili. Hii ya pili ni ya kifo chake. Ya kwanza niliikaa Uswisi, milimani, juu ya chumba cha dobi cha hoteli, na iliniingia kwa sababu ya gari la barafu. Nikiwaambia hivyo watadhani msiba umenipanda kichwani.

Nisianze na ukoo, maana mtu wa Amu akianza na ukoo kahawa hupoa. Nianze na chumba. Vilikuwa vyumba viwili vidogo na jiko la kona lenye nafasi ya sufuria mbili. Chini yetu mashine za hoteli zilifua na kukausha mashuka kutwa, kwa hiyo sakafu ilikuwa na joto hata theluji ikifika dirishani, na kila kitu changu, hata mswala, kilinuka sabuni ya watu wengine. Nje ya dirisha kulikuwa na mlima. Sisemi ulionekana mlima. Ulikuwa hapo hapo, umesimama kama mgeni asiyeaga. Lali alikuwa mpishi. Mwenye hoteli alikula chakula chake alipokuja kwetu Shela kupumzika, akakipenda, akamwita, na mimi bibi harusi wa juzi nikafuata kwa ahadi ya msimu mmoja: tuone theluji, turudi kwetu. Msimu ukaisha, kikaja kiangazi, ikarudi baridi. Kila nikiuliza, Lali hunijibu kwa upole akivua viatu, "Subira, Mwanaidi. Msimu huu uishe, twende zetu."

Hakunifungia mlango. Nataka nimpe haki yake, maana sasa hawezi kujitetea. Ufunguo ulining'inia msumarini karibu na mlango na nilikuwa nikiufuta vumbi. Lakini alikuwa amesema nisitoke, na nilikuwa nimelelewa nikajua maana ya kuambiwa usitoke. Barabara zina utelezi, utavunjika. Huna lugha, utapotea. Wanaume wa huku hutazama. Kila sababu yake ilikuwa ya mapenzi, na kila moja ilikuwa komeo. Watu husema mwanamke wa Amu hutawishwa ndani asiijue njia, na husema hivyo kwa kutojua. Kwetu nilikuwa na njia zangu: wikio lililopita juu ya mtaa na kuniingiza nyumba ya jirani, mlango wa uani wa jirani huyo, dari za nyumba zilizopakana. Ningeweza kwenda kusukwa, kuonja maharagwe ya mtu na kurudi na habari za mji mzima nisikutane na mwanamume hata mmoja. Tulitawa pamoja, tukicheka. Kule nilitawa peke yangu, na sikujua kabla ya hapo kwamba hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Mtu niliyempata, nilimpata kwa papa. Mamangu alinifungia vipande vya papa mkavu, nami nilikuwa nikivitunza kama dhahabu, nikivipika siku ambazo moyo umekataa viazi na jibini alivyoleta Lali kutoka jikoni kwake. Siku moja nilikaanga na kitunguu, na harufu ikateremka na bomba la joto lililotoboa sakafu yetu, ikaingia chumba cha dobi. Nikasikia vishindo na makelele. Wanawake wa dobi walidhani mtaro wa choo umepasuka. Akapanda mkubwa wao kuangalia, mwanamke wa Kireno mwenye mikono minene, ameziba pua na leso. Jina lake Marta. Alinikuta nimesimama juu ya sufuria ninalia, na sababu ya kilio hata mimi sikuijua. Akafunua kifuniko, akatazama, akaondoa leso puani. Kumbe kwao nako hula samaki mkavu. Aliketi, akala, akajiongezea bila kukaribishwa, na tangu hapo kila mapumziko yake alipanda kwangu. Tulizungumza kwa Kiingereza cha kuokoteza, chake kibovu na changu kibovu, na palipokosekana neno tulitumia mikono. Lali hakumkataza. Alisema, "Mwanamke mwendo, kheri," yaani ni mwanamke mwenzangu, si neno. Lakini Marta aliponiomba twende naye dukani, Lali alitabasamu tu na kumwambia kwamba mimi huumwa na baridi. Sijapata kuumwa na baridi maisha yangu.

Msimu wa pili wa baridi ulipokaribia mwisho, hoteli iliwachukua wafanyakazi na wake zao kwenye matembezi, chakula na mchezo, mahali penye njia ya barafu. Nilivaa kila nilichokuwa nacho. Nilikuwa na furaha ambayo leo naionea haya kidogo, kama mtoto wa Idi, kwa sababu mbili: natoka nje mchana kweupe, na msimu unaisha. Tulikuwa ndani ya hema kileleni tunakunywa supu ya mboga wakati Marta aliponikumbatia na kuniambia kwa furaha, "Mwaka mmoja tena! Nimefurahi!" Sikumwelewa. Akarudia, akionyesha kidole kimoja, kisha akamwonyesha Lali aliyesimama na wapishi wenzake. Mume wako amekubali, akasema, mwenye hoteli ametangaza jikoni, mnabaki kiangazi na baridi nyingine. Niliweka bakuli chini. Niliona ule mlima wa dirishani umesimama tena hapo, msimu baada ya msimu, na mimi nikiufuta vumbi ule ufunguo mpaka nizeeke. Sikumlaumu kwa kutaka kazi. Kilichoniuma ni kwamba jikoni nzima ilijua nitakaa wapi kabla yangu.

Sasa nilieleze hilo gari, maana Langoni hakuna wa kulijua. Wao huliita bobu. Ni kidude cha chuma mfano wa mtumbwi, kichwa chake butu, hakina magurudumu. Chini kina vyuma virefu vya kuteleza. Hutiwa ndani ya mfereji wa barafu unaoteremka mlima kwa mikunjo, wenye kuta ndefu kuliko mtu, na mfereji wote umejengwa kwa theluji na maji basi. Ikija joto huyeyuka, na baridi ikirudi huujenga upya. Wenyewe hushindana. Wageni kama sisi walikuwa wakipakiwa wawili wawili: dereva mbele, abiria wawili kati, mshika breki nyuma, wote wamebanana, mtu ndani ya magoti ya mwenziwe. Marta alikuwa apande na kijana wa kuosha vyombo. Kijana alipouona mfereji kwa karibu akasema tumbo linamkata. Nafasi ikawa wazi, na Marta, kwa mzaha tu, akanishika mkono na kuuinua juu.

Watu wakapiga makofi. Lali alicheka pamoja nao, akaja mpaka nilipo na bakuli lake la supu mkononi, bado anacheka, akaniambia kwa Kiamu, "Tia mkono tini, Mwanaidi. Wanaume watakuweka kati ya magoti yao." Nikamwambia, "Umekubali mwaka mwengine?" Kicheko kikaisha. "Nalitaka nikwambie nyumbani." "Nyumbani wapi?" Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kutuelewa mlima mzima, na nadhani hilo ndilo lililompoteza. Mtu akiwa peke yake na lugha yake huthubutu. Alisogea karibu akasema, polepole, bila kupandisha sauti: "Ukipanda kidude kile, talaka yako i mumo ndani."

Wote wawili tulisoma chuo kimoja cha Kurani. Wote tulijua kwamba talaka haina mzaha, na ikifungwa kwenye sharti, sharti likitimia nayo imekwisha kuanguka, mwenyewe ajute asijute. Niliuona uso wake ukibadilika mara tu neno lilipomtoka. Lakini hakulirudisha, na hata angetaka, neno la namna ile halirudi. Alidhani ametia komeo la mwisho. Mimi, niliyekuwa nimeutafuta mlango wa chumba kile mwaka mzima, nikaona amenionyesha ulipo. Nilimfuata Marta.

Nilikuwa naogopa mpaka meno yanagongana, na hilo halikuwa kwa sababu ya baridi. Dereva alikuwa mzee mwenye masikio mekundu. Hilo lilinipa nafuu kidogo. Mshika breki alikuwa barobaro, kwa hiyo nilivua leso niliyojifunga kiunoni chini ya koti, nikaikunja na kuiweka mgongoni kati yangu naye, kana kwamba leso ni ukuta. Hakuuliza. Walinivika helmeti juu ya mtandio, ikanifunika uso wote yakabaki macho, nikajiona nimevaa ninja kama binti wa siku hizi. Marta alikaa mbele yangu na kunitafsiria maagizo: shika kamba za ndani, ingiza shingo mabegani, usiegemee kokote, usijaribu kusaidia. Usifanye kitu chochote, alisema. Kazi hiyo nilikuwa nimeifanya mwaka mzima, nilikuwa fundi. Kisha wanaume wakasukuma, na vile vyuma vikalia juu ya barafu, na katika mlio ule wa kwanza nikajua imepita. Nilikuwa nimeingia mke wa Lali. Nilikuwa sijafika hata kona ya kwanza na nilikuwa si mke wa mtu.

Watu wakisimulia michezo ya namna hii husema upepo, husema uhuru. Mimi sikuona upepo. Sikuuona hata mlima. Niliona mgongo wa koti la Marta na mshono wake. Kelele zilikuwa kama mabati yanayoburutwa juu ya mawe, na gari lilipoingia kona ya kwanza na kupanda ukutani likalala ubavu, mwili wangu ulifanya ulichofundishwa tangu utoto kwenye mashua ya kuvukia Mokowe: chombo kikilala, enda upande wa juu. Nikajitupa upande wa juu. Mshika breki akanibana kwa magoti mpaka mbavu zikalia, na nikamsikia ananikemea kwa lugha yake. Kumbe mle ndani hakuna upande wa juu. Katika kila kona kitu kizito kilinikalia kichwani, kikanisukuma kidevu kifuani na paji la uso karibu na mgongo wa Marta, kama mtu anayelazimishwa kusujudu na mkono usioonekana. Sikuweza kuinua kichwa. Sikuweza kuvuta pumzi. Nilisoma shahada, ikakatika katikati, nikaianza upya. Hakuna mlango, hakuna kamba ya kuvuta, hakuna wa kumwambia nimeghairi. Hata huyo mshika breki, kazi yake huanza njia inapoisha. Sijapata kufungwa maishani kama nilivyofungwa mle. Na nilipokwisha kumwita Mungu, jina lililofuata mdomoni, Mungu anajua sikulichagua, lilikuwa la Lali. Nilimwita kwa sauti. Ndani ya helmeti nilijisikia mwenyewe, nikakasirika mpaka machozi yakanitoka.

Gari likasimama chini. Marta alinivua helmeti na kunibusu mashavu yote mawili. Lori likaturudisha juu, na Lali alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha, bakuli mkononi, supu imefanya utando. "Umepanda," akasema. "Nimepanda." "Nalisema maneno mimi." "Uliyasema. Na mimi nimeyasikia." Akatikisa kichwa kama mtu anayepokea habari ya msiba kwa simu. Tulirudi na basi la hoteli, na kutoka kituoni mpaka kwetu tulitembea. Siku zote Lali hutangulia na mimi nyuma yake. Siku ile alisimama kando akanipisha, akaja nyuma, mbali, kama unavyompisha mwanamke wa watu.

Hapa ndipo wale mabinti wanaokuja kunipa pole wangetaka nimalize hadithi: mwanamke amepanda, amekuwa huru, akaenda zake kwao. Lakini sheria yetu haiendi hivyo. Talaka ya kwanza haikutoi nyumbani. Unakaa eda humo humo, unalishwa na mume aliyekuacha, na mpaka eda iishe yeye ana neno lake: akisema amekurejea, basi umerejea, utake usitake, huulizwi. Mke naye ana lake moja. Hesabu ya eda ni ya mwili wake mwenyewe, twahara kwa twahara mpaka tatu, na akisema imekwisha, imekwisha. Hakuna mwanamume wa kumbishia. Kwa hiyo nilitoka kwenye kidude nikaingia vyumba vile vile, mlima ule ule, ufunguo ule ule msumarini. Lali alikusanya mto na blanketi, akahamia chumba cha chini wageni walimokuwa wakiacha viatu vya theluji, akawa analala kwenye benchi katikati ya harufu ya soksi. Asubuhi na jioni alipanda, akagonga mara mbili, akakohoa, akaweka trei kizingitini, akauliza kwa nje, "Bado?" Nami hujibu, "Bado." Kisha nyayo zake zikateremka.

Hoteli ilikuwa tupu, theluji inayeyuka, maji yanadondoka mapaa yote kutwa kucha. Marta alikwenda likizo kwao. Mashine zilinyamaza na sakafu ikapoa. Nikabaki mimi na lile bomba, maana lilipitiliza dobi na kichwa chake cha pili kilikuwa humo chumba cha viatu, na kwa bomba hilo nilimsikia Lali kuliko nilivyopata kumsikia tulipolala kitanda kimoja. Nilimsikia anapiga chafya. Nilimsikia anasoma Yasin na kukosea aya ile ile kila mara. Nilimsikia akikaanga moyo wake kwa kujisemea, "Mpumbavu weye. Mpumbavu." Na kila akinyamaza nilishika shuka, nikingoja neno. Angeweza kulisema hata usingizini. Angelisema, ningekuwa mke tena kabla sijameza mate, na msimu ujao ungekuwa wetu, na uliofuata. Nilisimama juu ya bomba lile kama panya anayemsikiliza paka. Chakula alichonipikia siku zile, nacho kilinichanganya. Hakikuwa cha hotelini. Alipata nazi sijui wapi. Alinipikia wali, mchuzi wa samaki wa ziwani aliyemlazimisha awe changu wa bahari ya kwetu, akakwaruza viazi na kuvikaanga vikawa kama kitumbua bapa, vikavu nje, laini ndani. Nilikula nikilia, na nilikula vyote.

Siku moja nikamsikia kwenye simu ya ukutani mle chumba cha viatu. Alikuwa anazungumza na Ami, ndugu ya marehemu babangu, aliyekuwa walii wangu wa ndoa. Nilijua kwa vile alivyopaza sauti, kila mtu wa kwetu humpigia Ami kelele kwa kuwa masikio yake ni mazito. "La, Ami," akasema. "La. Simrejei. Nimesema simrejei." Kisha akaweka simu. Niliketi chini. Hilo ndilo nililolitaka, ndilo nililoingilia kwenye barafu: eda iishe, nipewe njia yangu, nishuke Mokowe na sanduku langu, nivuke. Nililia kwa sauti mpaka nikahofia bomba litampelekea, nikaziba mdomo kwa leso, ile ile niliyoifanya ukuta. Mtu anaweza kuwa amefungwa na akaumia pia kwa kufunguliwa. Nilikuwa kijana, sikuwa nimewahi kuambiwa hivyo na mtu.

Asubuhi nilipoona kwamba hesabu yangu imetimia, nilitandika kitanda, nikafunga sanduku, nikakaa juu yake. Akapanda, akagonga mara mbili, akakohoa. "Bado?" Nikasema, "Imekwisha. Leo." Kisha nikasikia trei inawekwa sakafuni taratibu na Lali akisema, "Alhamdulillahi." Damu ilinipanda. Nikafungua mlango ufa. "Wamshukuru Mngu kwa kuniata?"

"La," akasema. Alikuwa ameketi kwenye ngazi, amenipa mgongo, kwa adabu, maana sasa nilikuwa ajinabia, mwanamke asiye wake. "Namshukuru kwa kuwa neno sikulisema. Lalikuwa papa hapa mdomoni kila siku. Nikija na trei, nalibana meno."

"Na mbona hukulisema?"

"Ami alipokuuliza mara ya kwanza, ulinyamaa. Wakanambia kimya cha mwari ni ndiyo. Nami nikafurahi, lakini sikuyua. Mwaka mzima nimekaa na weye siyui. Siku uliyopanda kidude kile ndiyo siku ya kwanza kukuona umetaka kitu." Akajifuta uso kwa pindo la aproni. "Nataka nikuulize, Mwanaidi. Na kukuuliza sasa kwataka Ami, kwataka kwetu. Huku hakuna wa kukuulizia. Nimemwambia mwenye hoteli atafute mpishi."

Basi tukarudi. Tulipokwisha kushuka ndege, kwenye mabasi alikaa kiti cha mbele na mimi cha nyuma na mama mmoja wa Witu aliyenilisha ndizi njia nzima. Mokowe alipanda mashua moja nami nikangoja ya pili. Mamangu alinipokea bila maswali, yaani aliyaweka mpaka nilipokwisha kula. Ukafika wakati ambao Ami alikuja mlango wa ndani na mashahidi wake kuniuliza juu ya posa mpya ya Lali, mwenyewe akiwa amekaa msikitini anangoja. "Mwanangu," akasema Ami kwa sauti ya kiziwi, mtaa mzima ukasikia, "zamani kimya chako chalitosha. Sasa si mwari, hakitoshi. Sema." Nikanyamaza. Wanawake wakaanza kunifinya. Nikasema, "Aitwe mwenyewe." Hapo palizuka zogo, kwamba haijapata kuonekana, kwamba milima imenitoa haya. Lakini Ami alikuwa mtu wa haki na insafu, akamtuma mtu. Lali akaja kwa kanzu yake, akasimama nyuma ya mlango ambao sisi wawili tungeweza kuugusa kila mmoja upande wake. Nikamuuliza, "Lali, ukighadhibika tena, utaapa kwa nini?" Akasema, "Siapi tena." Nikamuuliza, "Na nikitaka kutoka?" Akasema, "Ndia ni yako." Niliwaacha wangoje kidogo hata hivyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na kitu ambacho watu wazima wanakingojea, na sikuwa na haraka. Kisha nikasema naridhia, nikasema kwa sauti ambayo hata Ami aliisikia.

Hakuapa tena. Alifungua kibanda mbele ya nyumba hii, akauza viazi vyake vya kukwaruza, na Langoni ikampa jina Lali Barafu. Wakati mwingine nikipita naye penye bohari ya samaki alikuwa akisimama, akaweka kiganja juu ya bonge la barafu, akakiacha hapo mpaka kinaumia. Nikajua anaukumbuka mlima ule, ambao yeye aliupenda na mimi niliuchukia, na kwamba aliuacha kwa neno langu. Nimewahi kumuuliza kama nami sikumfungia hapa. Alicheka akasema mlango hauna komeo. Nilimpenda sana mtu yule. Nasema sasa kwa kuwa hapa ndani hakuna wa kunisikia ila kuta.

Binti yetu Fatma ndiye anayeniletea chakula. Hugonga mara mbili, hukohoa, huweka trei. Babake ndiye aliyemzoeza hivyo tangu mdogo na mwenyewe hajui asili yake. Jana kulikuwa na wageni, wale wa maskini Bi Mwanaidi, wakiulizana uani ni lini hasa nitatoka, kila mmoja na hesabu yake. Fatma akaja mlangoni kwangu, akagonga, akakohoa. "Mama," akasema, "wanauliza eda bado nyingi?"

Nilichelewa kumjibu, kwa ile sauti ya kugonga. Eda ile nilihesabu kila asubuhi ili iishe. Hii ikiisha watanifukiza udi, watanivika nguo nzuri, watafungua mlango, nami nitatoka nikiwa si mke wa Lali tena, na safari hii hakuna wa kuja kuniuliza. Nikamwambia awaambie sijui, mimi sihesabu.